NYANYA ZA UANI: TUCHAGUE MBEGU IPI, NA TUSIE LINI?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika na wahisani



Nimeombwa niseme machache kuhusu mradi wa nyanya za uani katika sharika zetu za pembezoni mwa jiji: upande wa Kinondoni, yaani Bunju na Boko, na upande wa Temeke, yaani Mbagala, Chamazi na Toangoma. Najua wengi mnasubiri idadi ya kaya na mchanganuo wa fedha. Naomba nianze na kalenda, kwa sababu hapo ndipo miradi ya namna hii husimama au huanguka.

Wenzetu wa Ulaya husia nyanya dirishani mwezi Machi, baridi inapoanza kwisha, ili miche itoke nje mwezi Mei. Kwao ni sahihi kabisa. Kwetu Machi ni joto na mwanzo wa masika. Mche unaohamishwa Aprili hukutana na mvua za mfululizo, majani hayakauki, na bakajani hupata nafasi yake. Mche unaochanua Januari au Februari nao una shida nyingine: joto likizidi mchana na usiku, chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kufunga tunda. Mama hulalamika kuwa amepewa mbegu mbovu, kumbe mbegu haina kosa.

Majira yetu ni kipupwe. Tusie kitaluni kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Julai, mvua zikipungua. Miche huwa tayari baada ya wiki nne hivi, na mavuno huanza takriban siku 75 hadi 90 baada ya kuihamisha, kutegemea aina.

Hivyo basi, ombi langu la kwanza ni kwa wahisani: fedha za mbegu zifike Aprili, si Desemba. Zikifika Desemba na taarifa ikatakiwa Machi, kamati italazimika kugawa mbegu wakati wa joto ili ipate cha kuandika. Kaya itapoteza maji ya kununua kwa ndoo, itapoteza nguvu, na mwisho itapoteza imani. Kaya iliyokata tamaa ni vigumu kuirudisha kitaluni.

Sasa mbegu. Kuna aina fupi na aina ndefu. Fupi, kama Tanya, Roma VF na Cal J, hukoma kurefuka na kutoa sehemu kubwa ya matunda kwa kipindi kifupi. Ndefu, kama Moneymaker, huendelea kukua na kuzaa kidogo kidogo, lakini huhitaji nguzo, kamba na kupunguziwa machipukizi. Mama anayetaka kupeleka fungu gengeni atafaidika na aina fupi. Anayetaka nyanya mbili tatu za mboga kila siku anaweza kuchukua ndefu, mradi awe na muda wa kuihudumia.

Herufi VF kwenye jina la Roma si pambo. Zinaonyesha kuwa inastahimili magonjwa mawili ya mnyauko yanayoletwa na ukungu. Kwa udongo wa kichanga kama wa Mbagala, ambako minyoo fundo hushambulia mizizi, tuitazame Tengeru 97. Hiyo na Tanya zilitolewa kwa wakulima mwaka 1997, zikiwa matunda ya utafiti uliofanyika Tengeru, Arusha, na Tengeru 97 inastahimili minyoo hiyo.

Hata hivyo tusiwadanganye walengwa wetu. Aina hizi hazitawaokoa na mnyauko bakteria, ambapo mche hulala ghafla ungali kijani. Kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka, ndio wenyewe. Ng'oa mche, usipande hapo tena nyanya, biringanya, nyanya chungu wala pilipili. Hii ndiyo sababu napendekeza viroba vyenye udongo mpya.

Aidha, mbegu chotara, zenye alama F1, huzaa vizuri lakini ni ghali, na mbegu utakazokamua humo hazitafanana na mama yake. Kwa kaya zetu tuanze na aina za kawaida. Tununue kwenye duka linaloaminika, pakiti yenye lebo ya TOSCI na tarehe isiyopita. Na kwa heshima zote, wahisani wasitutumie pakiti za mbegu kwa posta. Mbegu huingia nchini kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, na aina iliyozoea majira ya Ulaya haijajiandaa kwa joto la Chamazi.

Kuhusu kusia, gramu moja ya mbegu za nyanya ina mbegu zipatazo 300. Kaya yenye viroba 20 haihitaji pakiti yake peke yake. Kwa hiyo kila usharika uwe na kitalu kimoja, na kaya zigawiwe miche. Tuta liinuliwe, lichanganywe samadi iliyooza vizuri, mistari iachane sentimita 15, mbegu ifukiwe sentimita moja hivi na kufunikwa nyasi kavu. Baada ya siku tano hadi nane itaota. Ondoeni nyasi siku hiyohiyo, wekeni kivuli chepesi. Miche ikisongamana na kulowa mno, kinyausi huiangusha, hivyo ipunguzwe. Chandarua kizuie inzi weupe wanaoleta ugonjwa wa majani kujikunja. Wiki ya mwisho punguzeni maji na kivuli ili ikomae, kisha ihamishwe jioni.

Maji ya mifereji ya majitaka yasitumike, na kisima chenye chumvi nyingi kitadumaza miche. Tangu mwaka 2014 tunaye pia kantangaze, anayetoboa majani na matunda. Kagueni kila siku mbili, chumeni majani yenye njia zake na kuyafukia.

Ndugu zangu, nyanya hizi hazitashindana na matenga yanayoshuka soko la Ilala kutoka Ilula na Morogoro. Tukipima mradi kwa shilingi peke yake, tutasema umeshindwa. Tupime ni kaya ngapi zilipika kwa nyanya zao wenyewe Septemba na Oktoba, na ni ngapi zilisia tena mwaka uliofuata bila kukumbushwa.

Naomba kila kamati irudi nyumbani na maamuzi matatu: nani atasimamia kitalu, maji yatatoka wapi, na aina zipi mbili zitajaribiwa. Majina hayo yakinifikia kabla ya Pasaka, mbegu zitakuwa mikononi mwenu masika yakiisha.