Mazungumzo Kabla ya Mtoto Kuvuka Mpaka

Ndugu wazazi na walezi wa pande zote mbili za mpaka,

Mtoto wa miaka 13 anapoletwa kituoni kutoka njia za panya, mzazi hutuuliza: "Ni nani aliyemdanganya?" Nasi humuuliza: ni lini mara ya mwisho mlizungumza naye bila fimbo? Wengi huinamisha vichwa.

Hatusemi hayo kwa kuwalaumu. Kulea kijana anayebalehe ni kazi ngumu, na msaada upo. Nchini Afrika Kusini, katika jimbo la Rasi ya Mashariki, mafunzo ya malezi yalipimwa kwa familia 552 zenye vijana wa miaka 10 hadi 18. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kuwa vipigo na matusi vilipungua. Baadaye mafunzo ya aina hiyo yaliwekwa katika programu za simu, na Tanzania yamejaribiwa kwa Kiswahili. Mzazi hujifunza kumtengea mtoto muda, kumsifu, kutuliza hasira na kukubaliana naye kanuni za nyumbani.

Asiye na simu ya kisasa asikae nyuma. Jirani aliyejifunza amfundishe mwenzake.

Mtoto akiwa hatarini, pigeni 116 bila malipo, iwe Uganda, Kenya au Tanzania. Sisi twaweza kumrudisha mtoto nyumbani. Kumfanya atamani kubaki ni kazi yenu.