Maumivu Makali ya Tumbo: Saa ya Kuamua

Ni machache kati ya maradhi yampatayo mwanadamu yanayowatia watu wa nyumba moja katika shaka kama maumivu ya tumbo. Mfupa ukivunjika, jicho huona. Homa ikipanda, mkono huihisi. Tumbo ni sanduku lililofungwa. Linaweza kuuma kwa sababu ya maharage yaliyokuwa hayajaiva, na linaweza kuuma kwa sababu utumbo umetoboka. Na katika saa ya kwanza, mambo hayo mawili huweza kufanana machoni pa mtu aliyeketi kando ya kitanda.

Mtu huyo aliyeketi kando ya kitanda, mke au mume wa mgonjwa, ndiye anayelengwa na mazungumzo haya. Yeye si daktari, lakini uamuzi wa kwanza uko mikononi mwake: kumpeleka mwenzake hospitali usiku huu, au kungoja kupambazuke.

Uamuzi huo huwa mzito zaidi ugenini. Chukua mfano wa Fridley, mji wa watu karibu 30,000 ulio ukingoni mwa mto Mississippi, kaskazini ya Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Katika vitongoji vya upande huo wanaishi Wakenya, Wakongo, Wasomali waliopitia kambi za Kenya, na watu wengine wa Afrika Mashariki, baadhi yao wakifanya kazi za zamu za usiku. Mombasa au Bukavu, tumbo likimshika mtu usiku wa manane, huitwa mama mkwe, shangazi na jirani, na uamuzi hutolewa na watu watano. Fridley, mara nyingi walio macho ni wawili tu, mmoja wao akiwa amejikunja kwa maumivu. Nje kuna theluji, na vichwani mwao kuna hesabu ya gharama.

Hapo ndipo simu hupigwa nyumbani, ambako tayari ni asubuhi, kwa kuwa saa nane za usiku za Minnesota huwa saa nne au saa tano za asubuhi mjini Nairobi. Jibu linalotoka huko mara nyingi ni lile lile: hilo ni chango, mpe tangawizi, mkande tumbo kwa mafuta, litatulia. Ushauri huo hutolewa kwa mapenzi. Lakini neno chango limebeba mzigo mkubwa mno. Chini yake huwekwa gesi, minyoo, maumivu ya hedhi, kidole tumbo kilichovimba, na hata mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba. Mtu aliye mbali, asiyeuona uso wa mgonjwa wala kuligusa tumbo lake, hawezi kuyatenganisha mambo hayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: kazi ya mwenzi si kuupa ugonjwa jina. Hata daktari bingwa huhitaji vipimo vya damu, picha ya CT au kipimo cha ultrasaundi kabla ya kusema kwa yakini. Kazi ya mwenzi ni kutazama dalili za hatari, na akiona hata moja, kutenda.

Dalili hizo ni zipi? Ya kwanza ni maumivu makali yanayoanza ghafla, kama mtu aliyechomwa kisu. Ya pili ni tumbo lililokaza na kuwa gumu kama ubao, ambalo mgonjwa hataki liguswe, naye hulala bila kutikisika kwa sababu kikohozi, hatua moja, au gari kupita juu ya tuta humwongezea maumivu. Hiyo huweza kuwa ishara kwamba utando wa ndani ya tumbo umeshambuliwa. Ya tatu ni kutapika damu, au matapishi yenye rangi ya mashapo ya kahawa, au choo cheusi kama lami. Ya nne ni tumbo kujaa na kuvimba, huku mgonjwa akitapika na hawezi kupata choo wala kutoa hewa. Hapo utumbo huenda umeziba au umejisokota. Kujisokota kwa utumbo mpana ni ugonjwa unaofahamika sana kwa madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki. Ya tano ni jasho baridi, kizunguzungu, kuzimia, au mapigo ya moyo ya kasi. Ya sita ni maumivu pamoja na homa kali na baridi ya kutetemesha, au macho yanayogeuka manjano.

Zipo hali nyingine ambazo hazihitaji kungojea dalili za namna hiyo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, ambaye hedhi yake imechelewa au ana mimba changa, akipata maumivu makali ya chini ya tumbo, lazima achunguzwe mara moja, hasa akizimia au akihisi maumivu kwenye ncha ya bega. Mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba ikipasuka, damu humwagikia ndani, na huenda isionekane hata tone nje. Kijana anayesema tumbo la chini linamuuma aulizwe bila haya kuhusu korodani, kwa maana korodani iliyojisokota huwa na saa chache tu za kuokolewa, takriban sita. Mwenye ngiri ambayo uvimbe wake umekuwa mgumu, unauma na haurudi ndani, asingoje. Mtu mzima anayesikia maumivu ya juu ya tumbo pamoja na kubanwa kifua, kukosa pumzi au kuumwa taya, huenda ni moyo wake unaoshambuliwa wala si vidonda vya tumbo. Mwenye kisukari anayetapika na kuhema kwa nguvu huenda damu yake imejaa asidi. Na wazee wana jambo lao: tumbo la mtu aliyepita umri wa miaka 65 huweza kuwa na hatari kubwa ndani yake huku yeye akilalamika kidogo tu.

Je, ikiwa hakuna hata moja kati ya hayo, lakini maumivu hayaondoki? Hapa kuna kipimo cha zamani kinachofaa kukumbukwa. Mwaka 1921, daktari wa upasuaji wa Uingereza, Zachary Cope, alitoa kitabu kuhusu maradhi ya ghafla ya tumbo ambacho kimesomwa na vizazi vya madaktari. Alifundisha kwamba maumivu makali ya tumbo yanayompata mtu aliyekuwa mzima, yakidumu saa sita au zaidi, kwa kawaida hutokana na jambo linalohitaji mkono wa daktari wa upasuaji. Kipimo hicho si ruhusa ya kungoja saa sita kwa mtu mwenye dalili za hatari. Ni mpaka wa mwisho kwa yule asiye nazo.

Kwa upande mwingine, si kila tumbo ni la kukimbiziwa hospitali. Maumivu yanayokuja na kuondoka, yakifuatana na kuharisha baada ya chakula fulani, huku mgonjwa akiweza kutembea, kunywa maji na kuzungumza, na yakipungua kadiri saa zinavyopita, yanaweza kuangaliwa nyumbani. Nchini Marekani, kadi nyingi za bima huwa na namba ya simu ya wauguzi wanaotoa ushauri usiku na mchana.

Kuhusu kidole tumbo, yafaa kuieleza njia yake. Mara nyingi maumivu huanzia karibu na kitovu, hamu ya chakula hupotea, kisha baada ya saa kadhaa maumivu huhamia chini upande wa kulia. Hatari ya kupasuka huongezeka kadiri muda unavyopita, hasa baada ya siku moja au siku na nusu. Tena kuna mtego: kinapopasuka, maumivu huweza kupungua kwa muda, na nyumba nzima ikashukuru kwamba mgonjwa amepata nafuu, kumbe usaha unasambaa.

Historia imehifadhi mifano miwili ya wanaume wakubwa waliotaka kuushinda ugonjwa huo kwa kuupuuza. Mwezi wa Juni 1902, mfalme Edward wa Saba wa Uingereza aliugua tumbo siku chache kabla ya kutawazwa. Wageni wa mataifa walikuwa wamewasili, naye hakutaka sherehe iahirishwe. Madaktari walishikilia msimamo wao. Tarehe 24 Juni alifanyiwa upasuaji na Frederick Treves, usaha ukatolewa, na tarehe 9 Agosti akatawazwa. Miaka 24 baadaye, mwanamazingaombwe mashuhuri Harry Houdini alifika Detroit akiwa na homa na maumivu ya tumbo. Daktari alimshauri aende hospitali. Yeye akapanda jukwaani. Alipofanyiwa upasuaji siku iliyofuata, kidole tumbo kilikuwa kimekwisha pasuka, na tarehe 31 Oktoba 1926 akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 52.

Mfalme aliwakuta watu waliokataa kumtii, na hilo ndilo lililomfaa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mgonjwa mwenyewe si hakimu mzuri wa maumivu yake. Mwanamume aliyelelewa kusikia kwamba mvumilivu hula mbivu atasema hajambo hali jasho linamtiririka. Mwanamke mwenye zamu alfajiri atasema kesho atapumzika. Wahenga walikwisha sema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzi anayeona dalili asiulize, "Je, unataka kwenda hospitali?" Swali hilo lina jibu moja tu, nalo ni hapana. Afadhali aseme, "Vaa koti, tunakwenda." Ni kweli kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu. Hata hivyo, hakuna kinachomzuia mwenzi kupiga simu. Wahudumu wa gari la wagonjwa watakuja, watampima, na mara nyingi mgonjwa husikia kutoka kwao kile alichokataa kukisikia kwa mkewe.

Namba ya dharura Marekani na Kanada ni 911. Uingereza na Kenya ni 999. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni 112. Na Oman ni 9999. Mpigaji ataje kwanza anwani, kisha tatizo. Ambaye Kiingereza kinamponyoka kwa hofu aseme neno moja, Swahili, na kutulia kwenye simu ili atafutiwe mkalimani. Gari la wagonjwa ni bora kuliko gari la nyumbani ikiwa mgonjwa amezimia, anatapika damu, ana maumivu ya kifua, au barabara imejaa barafu. Mgonjwa mwenyewe asiendeshe kamwe.

Wakati wa kungoja, asipewe chakula wala kinywaji, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Asipewe haluli wala dawa yoyote ya kuharisha, na tumbo lisikandwe. Zichukuliwe dawa zake zote pamoja na zile za mitishamba, na daktari aelezwe kama mgonjwa amerudi karibuni kutoka Afrika, maana homa ya matumbo huweza kutoboa utumbo.

Kuhusu gharama, ambazo ndizo huwafunga wengi miguu: sheria ya Marekani ya mwaka 1986 huzitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za bima ya serikali ya wazee kumchunguza kila anayefika na kuituliza hali yake ya hatari, awe na bima au asiwe nayo, na bila kujali hati zake za ukaazi. Sheria hiyo haifuti deni, lakini hospitali zisizo za faida zina wajibu wa kuwa na utaratibu wa maandishi wa kuwasaidia wasio na uwezo. Mgonjwa ana haki pia ya mkalimani bila malipo. Mtoto wa nyumbani asifanywe mkalimani wa mambo ya mama yake.

Hofu ya kisu nayo isimzuie mtu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020, uliowahusisha watu 1,552 wenye kidole tumbo kilichovimba, ulionyesha kwamba kati ya waliotibiwa kwa dawa za kuua bakteria, takriban saba katika kila kumi hawakuwa wamefanyiwa upasuaji hadi siku ya 90. Lakini hiari hiyo hupatikana kwa yule aliyefika mapema.

Mengine yafaa kupangwa siku ya uzima. Mume na mke wajue ni hospitali ipi ya karibu iliyo na idara ya dharura, kwa maana huduma huhamishwa: hospitali ya Unity ya Fridley, kwa mfano, iliunganishwa mwaka 2017 na ile ya Mercy ya Coon Rapids. Wajue nani atabaki na watoto. Na wakubaliane kwamba siku mmoja akiugua, mwenye kusema twende ni yule aliye mzima, na neno lake halitabishaniwa. Wakirudi alfajiri na kuambiwa ilikuwa gesi tu, hawajapoteza kitu kinacholingana na kile walichokwenda kukilinda.