Gutiere inasafishwa mara ngapi kwa mwaka?

(Mazungumuzo tuliyotoa kwenye mkutano wa mwezi wa wanamemba, vilimani Masisi)

Hatutaongea murefu: mawingu tunayaona, na njia ya kurudi nyumbani ni ya utelezi.

Tunaanza na kosa letu. Wakati mulitoka kwenye kambi na kurudi huku vilimani, sisi watu wa mradi tulileta manjanja, misumari, magutiere na mapipa. Fundi akafunga, tukapiga picha, tukaenda. Hakuna hata mumoja wetu aliyesema kwamba gutiere inaombaka kazi kila musimu. Mwaka uliopita, mwezi wa 11, ukuta wa mama mumoja mujane ulianguka usiku. Tulipofika asubuhi tulifikiri ni mvua ya mawe. Fundi akapanda, akatoa kwenye gutiere majani ya mikaratusi na matope ya kujaa ndoo mbili. Maji yalikosa njia, yakarudi nyuma, yakashuka kwenye ukuta wa udongo wiki kwa wiki. Mungu alisaidia: watoto walikuwa wamelala upande mwingine. Hatuwezi kusema ni mvua njo iliangusha ukuta ule. Ni sisi tulinyamaza.

Toka siku ile munatuuliza: tusafishe mara ngapi? Kijana mumoja alituambia kaka yake aliyeko Canada anasafisha mara mbili kwa mwaka, basi na sisi mara mbili inatosha, kwa sababu kule njo kuna baridi ya kweli. Ni kweli kule kuna baridi. Lakini kule miti mingi inaangusha majani yote kwa wakati mumoja, mbele ya theluji. Wanasafisha majani yakiisha kuanguka, kusudi maji yasigande ndani na kuvunja gutiere kwa uzito. Wanarudia theluji ikiisha. Kalenda yao inafuata miti yao.

Yetu ifuate miti yetu na mvua yetu. Mukaratusi hauna mwezi wa kuangusha majani. Unaangusha mwaka muzima, na wakati wa kiangazi unazidi. Huku juu, fasi zingine zinapita metre 2.000, baridi inafanya majani yachelewe kuoza, na unyevu haukauki haraka. Yale majani madogo ya kijani, laini kama mukeka, yanaota juu ya manjanja. Mvua kubwa ikipiga, yanateremuka yote kwenye gutiere.

Kwa hiyo tunapendekeza mara nne:

1. Mwisho wa mwezi wa 8, mbele mvua ianze. Hii ni kazi kubwa: kutoa yote, kuosha, kuangalia misumari na tiyo ya kushusha maji.
2. Mwezi wa 11, katikati ya mvua.
3. Mwanzo wa mwezi wa 2, mbele mvua irudi na nguvu.
4. Mwezi wa 6, mvua ikiisha. Matope yakibaki wakati wote wa kiangazi, yanakauka kama tofali na chini yake kutu inakula.

Nyumba iliyo chini ya mikaratusi: kila mwezi. Na kila mara mvua ya mawe au upepo mukali ukipita, asubuhi yake inua macho uangalie. Kuangalia hakuombe franka.

Namna ya kufanya. Usikwangue na jembe. Unaondoa zinki na kuita kutu. Kata kipande cha bidoni ya zamani, kinafaa vizuri. Ukiisha, mwanga kopo ya maji upande wa juu. Maji yakisimama, gutiere haina muteremuko. Fundi airekebishe ishuke kama sentimetre 1 kwa kila metre. Ngazi isiegemee gutiere, inaipinda. Iegemee ukuta ulio imara, na mutu mwingine aishike chini. Musipande asubuhi mapema wakati manjanja iko na umande. Na tunaomba sana: musitume watoto.

Sasa faida. Milimetre 1 ya mvua juu ya metre moja ya mraba ni litre 1. Nyumba ya metre 6 kwa 5, yenye gutiere pande mbili, mvua ya milimetre 10 inaleta litre 300. Tutoe sehemu moja juu ya tano inayopotea: inabaki litre 240, maana yake bidoni 12 za litre 20. Mama ambaye anabeba bidoni moja kutoka bondeni anajua hesabu hii kuliko sisi. Gutiere ikiziba, bidoni zile 12 zinaenda kwenye musingi wa nyumba yake.

Maji ya mvua ya kwanza kisha kiangazi muache yapite, yaoshe manjanja. Ya kunywa muyachemushe. Lakini moshi na majivu ya volkano vikitufikia, maji ya manjanja musiyanywe, hata yakichemushwa. Kuchemusha hakuondoe fluoride inayoletwa na volkano.

Linabaki jambo moja, na hili ni la chama. Wazee na wajane hawawezi kupanda. Mama yule alituambia: "Nilikuwa naona maji inarukia ukuta, lakini nilikuwa nasikia haya kuomba vijana wa watu bila kuwapa kitu." Kambini tulilala turubai kwa turubai na hatukuonea haya kuomba moto. Kwa nini sasa tuna nyumba njo tunaogopana?

Ombi letu ni hili: likelemba ya mwezi ujao itoe kwanza ngazi moja kwa kila nyumba kumi. Kila musimu kati ya ile mine, vijana wafanye salongo siku moja, waanzie kwa wajane na wazee, kisha kwa wengine. Sisi tutakuwa pale, na mara hii hatutakuja na kamera. Tutashika ngazi chini. Komite itaandika majina ya nyumba leo, mbele tuachane. Mama mwenye ukuta alikubali yake iwe ya kwanza.