Kenya na Upimaji wa Udongo

Mwezi Mei mwaka 2024 viongozi wa nchi za Afrika walikutana Nairobi, nchini Kenya, kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Azimio lao lilikuwa na mengi, walakini ahadi moja ilikuwa nzito kupita nyingine: kwamba walau asilimia 70 ya wakulima wadogo wapatiwe ushauri unaolingana na zao, udongo na hali ya hewa ya mahali walipo. Hapana serikali iwezayo kutimiza ahadi hiyo bila kuujua udongo wenyewe, shamba kwa shamba. Kwa hiyo kazi ya wapima udongo yafaa itazamwe kwa makini, na hasa na askari, ambao hawahitaji kuambiwa hasara ya ramani mbovu.

Kenya haikuanza jana. Idara yake ya upimaji wa udongo ilianzishwa mwaka 1972 kwa msaada wa Uholanzi, na mwaka 1982 ikatoa ramani ya nchi nzima kwa kipimo cha moja kwa milioni moja. Askari aliyefunzwa kusoma ramani ataona mara moja upungufu wake: sentimita moja juu ya karatasi ni kilomita 10 za ardhi. Shamba la ekari mbili halimo kabisa.

Pengo hilo ndilo linalozibwa sasa kwa setilaiti na kompyuta. Mradi wa Afrika wa taarifa za udongo, ulioanzishwa mwaka 2009 ukiwa na makao Nairobi, ulitumia utaratibu ulio wazi. Eneo la kilomita 10 kwa 10 hugawanywa mafungu 16, na kila fungu huwekewa viwanja 10. Kompyuta ndiyo ichaguayo viwanja, kwa bahati nasibu, wala si mpimaji. Sababu yake ni ya kibinadamu: mpimaji aliyechoka hupenda kuchimba kando ya barabara, karibu na gari na karibu na chai. Ramani itokanayo na udongo wa namna hiyo ni ramani ya kandokando ya barabara tu. Katika kila kiwanja udongo huchukuliwa sehemu nne, ukachanganywa. Kwanza wa juu hadi sentimita 20, kisha wa chini yake hadi sentimita 50. Maabara ya Nairobi huumulika kwa miale isiyoonekana kwa macho, na sampuli chache tu ndizo zipimwazo kwa kemikali, ambazo ni ghali.

Mtu asidhani elimu hii yote imetoka ng'ambo. Ni Amani, katika milima ya Usambara, alikofanya kazi Geoffrey Milne, ambaye mwaka 1935 alieleza kwamba udongo wa kilimani hufuatana kutoka kileleni hadi bondeni kama pete za mnyororo. Hata leo mpango wa sampuli usiojali mteremko haufai.

Faida ya kazi hii ni chakula. Magharibi ya Kenya mna udongo mwingi wenye uchachu, na kwa miaka mingi mkulima wa huko amenunua mbolea ya DAP, ambayo nayo huongeza uchachu. Alichohitaji kwanza ni chokaa. Ethiopia nayo ilitegemea DAP na urea peke yake, mpaka upimaji ulioanza mwaka 2012 ulipoonyesha kuwa salfa, boroni na zinki pia zilipungua, mbolea ikabadilishwa.

Lakini ramani hizi zina hatari yake. Ramani ya Afrika iliyotolewa mwaka 2021 huonyesha udongo kwa vipande vya mita 30 kwa 30, kwa rangi za kupendeza. Katika lile eneo la kilomita 10 kwa 10 mna vipande zaidi ya 110,000, navyo viwanja vilivyochimbwa ni 160. Vilivyosalia ni makisio. Na pale wasipofika wapimaji kwa sababu ya ujangili au wizi wa mifugo wenye silaha, kama ilivyo mara nyingi kaskazini ya Kenya, makisio huwa dhaifu zaidi, na wakaao huko ndio wenye haja kubwa.

Hapo ndipo kazi ya mpimaji na ya askari zinapokutana. Watu watatu wenye kekee ya kuchimbia, mifuko ya plastiki na chombo cha kupokea setilaiti, wakiacha barabara na kwenda moja kwa moja kwenye kichaka kisicho na kitu, hutiliwa shaka na kijiji chochote, na si ajabu. Dawa yake ni wapimaji kupeleka orodha ya viwanja kwa wakuu wa utawala wa mahali na kituo cha polisi siku kadhaa kabla ya safari, wachukue barua, na waombe ruhusa ya mwenye shamba. Askari wa doria akiwakuta, na ailinganishe orodha na mahali waliposimama. Vikilingana, awaache wachimbe. Visipolingana, anayo haki ya kuuliza.