Haki za Wazee na Daftari la Wanachama

(Mazungumzo mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi)



Nimepewa nafasi fupi nizungumzie haki za wazee. Jambo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wetu tudhanivyo. Mwaka 1948 Ajentina ilipeleka Umoja wa Mataifa rasimu ya tamko la haki za wazee, haikupitishwa. Ulifuata mpango wa Vienna wa mwaka 1982, Kanuni za mwaka 1991, na mpango wa Madrid wa mwaka 2002. Yote hayo yalikuwa maazimio, na azimio, kama tujuavyo katika mikutano yetu wenyewe, halimfungi asiyetaka kufungwa.

Umoja wa Afrika ulipitisha Itifaki ya Haki za Wazee mjini Addis Ababa mwezi Januari 2016. Ilihitaji kuridhiwa na nchi 15, ikaanza kutumika Novemba 2024. Mzee wa miaka themanini hana muda huo wa kungojea saini. Mkataba wa dunia nzima ndio kwanza umeundiwa kikundi cha kuuandika, mjini Geneva, mwaka 2025.

Itifaki hiyo yataka tuhuma za uchawi dhidi ya wazee zikomeshwe. Na kifungu kinachofuata chalinda haki ya wanawake wazee katika mali, ardhi na urithi. Vifungu hivyo vimekaa jirani, nami naona ndipo mahali pake. Huku kwenye pamba vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Lakini mara nyingi, ukichunguza, nyuma ya tuhuma pana shamba la mjane ambalo mtu analitaka.

Hapo ndipo daftari letu linapoingia. Mwanachama akifariki, hisa na malipo yake hubaki katika jina la marehemu, na mjane aliyepalilia pamba ile huambiwa arudi na shemeji yake. Naomba kila mwanachama aandikishe mrithi wake angali hai, mbele ya mashahidi. Mjane anayelima aandikwe mwanachama kwa jina lake mwenyewe. Malipo ya mzee asiyeweza kutembea yapelekwe nyumbani na wajumbe wawili, si kijana mmoja aliyejitolea.

Madaftari yafunguliwe kwa kazi hiyo kabla ya msimu wa ununuzi.