Mwanao na Timu ya Mtaani
(Maneno niliyosema kwenye kikao cha wazazi, Ibra)



Wazazi wengi mnaniuliza kama mtoto anapoteza wakati kwenye timu ndogo. Basi tazameni jirani zetu wa Mudhaibi. Golikipa Ali Al-Habsi alianzia klabu ya huko, nayo ilikuwa daraja la tatu. Kazi yake ilikuwa zimamoto uwanja wa ndege wa Muscat. Kisha akaenda Nasr ya Salalah, mwaka 2003 akachukuliwa na Lyn ya Norway, na 2006 Bolton ya Uingereza.

Majina ya madaraja yasiwachanganye. Linaloitwa hapa daraja la kwanza ni la pili kutoka juu. Juu yake ipo ligi kuu. Kila msimu wapo wanaopanda na wanaoshuka. Mji wa Sur peke yake una Sur, Uruba na Talia, na Uruba ilikuwa bingwa wa Oman msimu wa 2014/15.

Timu za mtaani huwa chini ya klabu ya wilaya. Kwa hiyo mlango ni huo huo wa jirani. (Mimi nilicheza chandimu kambini, na sikuwa lolote.) Mtu akikwambia umpe riali ampeleke mwanao klabu kubwa Muscat, usimpe hata baisa. Nendeni klabuni wenyewe, mkaulize usajili wa asiye raia ukoje.

Anayetaka nimsindikize aje ofisini baada ya Asri, na kitambulisho cha mtoto.