Kompyuta Mpakato Mpya Nyumbani: Mambo ya Kutenda Kabla Haijaanza Kazi

Mazungumzo kwa wakazi wa Kata ya Kiseke, Manispaa ya Ilemela, Mwanza

Leo tunazungumza juu ya chombo ambacho sasa kimeingia katika nyumba nyingi, nacho ni kompyuta mpakato, ambayo wengi wetu huiita laptopu.

Tunaanza kwa kisa kimoja. Kijana wa chuo alikuja ofisini kwetu akiwa na mama yake. Mama alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akaongezea fedha za biashara ya dagaa, akamnunulia mwanawe kompyuta. Dukani, fundi aliwasaidia kuiwasha. Na kwa kuwa kompyuta ilidai anwani ya barua pepe, fundi akaweka ya kwake ili kazi iishe upesi. Kijana aliitumia miaka miwili bila tatizo. Siku moja, baada ya kompyuta kutoka kwenye matengenezo, skrini ya bluu ikatokea ikidai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo ulikuwa umehifadhiwa katika akaunti ya yule fundi, naye fundi alikwisha kuhama mji na simu yake haipatikani. Utafiti wa mwaka wa mwisho wa kijana yule ulikuwa mle ndani. Hatukuweza kuufungua, na hakuna mwingine aliyeweza.

Kompyuta ile ilikuwa halali na nzima. Kosa lilifanyika katika dakika kumi za kwanza. Ndiyo maana leo tumechagua kuzungumza juu ya mwanzo: yale ya kufanya dukani, na yale ya kufanya siku ya kwanza nyumbani.

Kabla ya kuondoka dukani

Jambo la kwanza ni risiti. Sheria za kodi humtaka muuzaji atoe risiti ya mashine ya kielektroniki, nazo humtaka mnunuzi aidai. Wengi hudhani kwamba risiti ni kwa faida ya Mamlaka ya Mapato peke yake. Kwa mtumiaji, risiti ni shahidi: huonesha aliyeuza, siku aliyouza na bei aliyopokea. Someni kiasi kilichoandikwa kabla ya kuikunja na kuitia mfukoni. Mtu aliyelipa shilingi laki nane akakubali risiti ya laki mbili, siku ya madai atakuwa na ushahidi wa laki mbili tu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni namba ya pekee ya kompyuta. Kila kompyuta hutoka kiwandani na namba yake, na namba hiyo huonekana kwenye boksi, chini ya mgongo wa kompyuta, na ndani ya kompyuta yenyewe. Mwombeni muuzaji awaoneshe zote tatu. Zikitofautiana, simamisheni malipo. Zikilingana, ziandikwe kwenye hati ya dhamana pamoja na muda wa dhamana na jina la atakayeitekeleza. Kampuni kubwa za kompyuta huwa na ukurasa wa intaneti ambamo unaweza kuingiza namba hiyo ukajua dhamana ya kiwandani ilianza lini. Ikiwa dhamana ilianza miaka mitano iliyopita, kompyuta hiyo si mpya, hata kama boksi linang'aa.

Hakuna aibu kununua kompyuta iliyotumika. Wengi wetu tumeanzia huko. Haki yenu ni kuuziwa kitu kwa jina lake, na kwa bei inayolingana na jina hilo. Muulize pia mfumo endeshi uliomo. Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 huhitaji RAM isiyopungua gigabaiti 4 na hifadhi isiyopungua gigabaiti 64, na kwa prosesa za Intel za aina ya Core huhitaji kwa kawaida kizazi cha 8 na kuendelea. Kizazi husomwa katika tarakimu zinazofuata kistari: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U ni ya kizazi cha 6. Kompyuta ya kizazi cha 6 yaweza bado kuandika barua na kuonesha picha, lakini msiilipie kama ya leo.

Jambo la tatu ni majaribio. Bonyezeni kila kitufe cha kibodi. Fungueni kamera, sikilizeni spika, chomekeni flashi katika kila tundu, unganisheni intaneti ya simu yenu. Mwambieni fundi awaoneshe ripoti ya betri, ambayo hutaja uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Mkikuta cha pili ni nusu ya cha kwanza, hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei. Mwisho, zimeni kompyuta kabisa, kisha iwasheni upya. Ikidai nywila ya mtu mwingine, au ikionesha jina la shule au kampuni ya ng'ambo, iacheni hapohapo mezani. Huenda haikuuzwa na mwenyewe, na kupokea mali huku ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Umeme, radi na betri

Umeme wa majumbani hapa Tanzania ni wa volti 230. Geuzeni chaja msome maandishi yake madogo. Yakitaja volti 100 hadi 240, chaja hiyo inafaa kwetu. Ikiwa plagi ni ya miguu miwili ya ng'ambo, tafadhali msichokonoe tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili iingie. Tumeiona desturi hiyo katika nyumba nyingi. Huleta cheche, nayo yaweza kuleta moto. Waya unaotoka kwenye soketi hadi kwenye chaja kwa kawaida huchomolewa, na waya wenye plagi yetu ya miguu mitatu hupatikana kwa bei ndogo.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi sana duniani. Mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa, chomoeni chaja ukutani, kwa sababu kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kompyuta mpakato ina betri. Mwanafunzi aweza kuendelea na kazi yake huku mvua ikinyesha, bila waya wowote ukutani. Umeme ukikatika, chomoeni vilevile, kwani unaporudi huweza kurudi kwa kishindo. Mwenye uwezo na anunue kifaa cha kulinda umeme, kama kile tunachotumia kwenye jokofu.

Kuhusu betri, kuna ushauri wa zamani usemao kwamba kompyuta mpya ichajiwe saa nane mfululizo kabla ya kutumiwa. Ushauri huo ulitokana na betri za aina nyingine. Betri za sasa za lithiamu hazihitaji hivyo. Wala hazipendi kuachwa ziishe kabisa kila siku. Adui yake mkubwa ni joto. Msiiweke kompyuta juu ya godoro au kanga, kwa sababu matundu yake ya hewa huzibika. Na kabla ya kupanda nayo bodaboda, izimeni, hasa ikiwa ina diski ya zamani inayozunguka, maana mtikisiko wa barabara za mawe huweza kuijeruhi diski ikiwa inafanya kazi.

Akaunti na nywila

Sasa tunarudi kwa kijana wetu. Kompyuta nyingi mpya hufunga mafaili yake yote kwa maandishi ya siri, ili mwizi akiiba asiweze kuyasoma. Huo ni ulinzi mzuri. Lakini ufunguo wake huhifadhiwa katika akaunti iliyotumika kuiwasha kompyuta mara ya kwanza. Kwa hiyo mwenye akaunti ndiye mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ndiye mwenye nyumba.

Tunawasihi: akaunti ya kwanza iwe ya mnunuzi, kwa barua pepe yake na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Asiye na barua pepe aifungue kwanza kwenye simu yake kabla ya kwenda dukani. Ni kazi ya dakika chache na haina gharama zaidi ya bando. Nywila iwe ndefu, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala jina la mtoto. Ile aliyoiweka fundi ibadilishwe siku hiyohiyo. Ufunguo wa tarakimu 48 uandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pale zilipo hati za nyumba na vyeti vya kuzaliwa. Anayetumia karatasi asidharauliwe. Karatasi haikatikiwi umeme.

Tukumbuke pia kwamba fundi wa matengenezo huwa ameshika picha zetu na barua zetu. Taifa letu lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini ulinzi wa kwanza ni wetu wenyewe: kabla ya kupeleka kompyuta kwa fundi, nakilini mafaili yenu kwingine, na mkiweza, kaeni hapo akiifungua.

Masasisho, bando na programu

Kompyuta mpya ikishika intaneti kwa mara ya kwanza huanza kupakua masasisho, na huweza kumaliza bando la wiki kwa usiku mmoja. Wengine wakiona hivyo huzuia masasisho moja kwa moja. Hapo hukosea, kwa kuwa masasisho ndiyo yanayoziba mianya wanayopitia wahalifu. Njia ya katikati ipo. Katika mipangilio ya intaneti, iambieni kompyuta kwamba muunganisho wenu wa simu ni wa kupimwa. Itapunguza kupakua mambo makubwa bila ruhusa. Kisha, mara moja kwa mwezi, tengeni bando au nendeni mahali penye intaneti mnayoiamini, mkaruhusu masasisho yakamilike.

Windows 10 na 11 huja tayari na kinga ya virusi iitwayo Defender. Kwa mtumiaji wa kawaida anayesasisha kompyuta yake, hiyo hutosha kuanzia. Maonyo yanayotokea ghafla yakidai mlipe ili virusi viondolewe, mengi ni ya kitapeli.

Dukani mtaambiwa, kwa shilingi elfu chache, kwamba mtawekewa programu zote za ofisi. Ulizeni kama zina leseni. Programu iliyovunjwa kufuli ni mlango ulioachwa wazi, na aliyeuvunja anajua njia ya kuingilia. Hakuna haja ya kufika huko. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyosema Kiswahili. Ndugu yake wa leo, LibreOffice, hupatikana bure na kihalali, nayo hutosha kwa barua, hesabu za duka na kazi za chuo.

Nakala ya pili

Kompyuta yaweza kuibwa, kuanguka, kulowa au kuungua. Fedha ya kununua nyingine hutafutwa, lakini picha za marehemu baba na utafiti wa miaka mitatu havinunuliwi. Kila faili lenye thamani liwe na nakala mahali pengine, kwenye diski ya nje au kwenye hifadhi ya intaneti, na diski hiyo isikae katika begi moja na kompyuta. Chagueni siku moja ya wiki kuwa siku ya nakala.

Mambo yakiharibika

Kompyuta ikionesha kasoro, msiipeleke kwa fundi wa jirani kabla ya kurudi kwa aliyewauzia, kwa kuwa kuifungua huweza kuvunja dhamana. Nendeni na risiti, hati ya dhamana na kompyuta yenyewe. Elezeni tatizo kwa maandishi yenye tarehe, mbaki na nakala. Mtaoneshwa tangazo ukutani lisemalo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Tangazo hilo halimpi mtu ruhusa ya kudanganya: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji, na malalamiko ya namna hiyo, pamoja na yale ya bidhaa bandia, hupelekwa Tume ya Ushindani.

Ndugu zetu, mama yule wa upatu alituuliza swali moja kabla ya kuondoka: kwa nini hakuna aliyemwambia haya siku ya kununua? Hatukuwa na jibu zuri. Kijana wake alianza utafiti upya, kwa kompyuta ileile iliyofutwa na kufunguliwa kwa jina lake mwenyewe, na ufunguo wake sasa upo kwenye karatasi, ndani ya sanduku la mama. Atakayerudi nyumbani leo na kuuliza akaunti ya kompyuta ya mwanawe ni ya nani, atakuwa amelijibu swali lile kwa niaba yetu.

Sasa tunakaribisha maswali.